Kofia Isiyokwisha

Mara ya sita hii Bi Mwanakombo analazwa kitandani kwa tabibu wa sindano za Kichina, uso ameufunika kwa leso asizione, na swali ni lile lile.

"Unahisi chochote, mama?"

"Sihisi."

Dawa za saratani zilimponya, zikamwachia vidole vilivyokufa ganzi. Nyumbani kofia ya harusi ya mwanawe, aliyoishona kwa mkono, ilikuwa imefika nusu, na kila alipoishika aliitia damu bila kujua kwamba amejichoma. Kumpa mwingine aimalizie hakutaka kusikia. Mshono wa mkono wa pili huonekana tu.

"Na hapa?"

"Sihisi! Swali moja kila siku, wewe hulichoki?"

Tabibu akachukua sindano nyingine, akaitia kidoleni.

"We bwana, hiyo umeipeleka mshazari!" Bi Mwanakombo alifoka, kama anavyowafokea wanafunzi wake wa kofia. "Itoe uanze upya!"

Mkono wa tabibu ukasita. Akakitazama kidole, kisha leso, ambayo bado ilikuwa imemfunika macho.

"Ipi, mama?"

Chini ya leso ikatoka sauti ndogo, isiyo na hasira tena:

"Hebu itie tena."