Chini ya Majani Makavu

Baada ya mavuno, wakulima wote wa mji ule walichoma majani makavu ya miwa mashambani mwao. Nasimiyu peke yake alikataa. Aliyatandaza katikati ya mistari ya visiki mpaka udongo ukafunikwa wote. Kisha mvua ikagoma kunyesha.

Ukame ulipozidi, shemeji yake Makokha alifika na kiberiti. Shamba lilikuwa la marehemu kaka yake, mume wa Nasimiyu, na aliona linaharibiwa.

"Shemeji, uchafu huu utaleta mchwa hadi kwangu," alisema. "Leo nauchoma."

"Choma," Nasimiyu alijibu. "Lakini kwanza ingiza mkono."

Makokha alidhani anafanyiwa mzaha. Hata hivyo alichuchumaa, akapenyeza mkono chini ya majani, na uso wake ukabadilika. Kulikuwa na ubaridi kama wa mtungi. Akafukua taratibu. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umeshika maji, na minyoo ilijikunja ikikimbia mwanga. Kwenye kisiki kilichoonekana kimekufa, machipukizi manene yalikuwa yamejitokeza, meupe kwa kukosa jua, ncha zake zikianza kuwa kijani.

"Maji haya umeyatoa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijamwagilia hata kikombe, shemeji. Ni ya mvua ile ya mwisho."

Makokha alisogea kwa magoti hadi kisiki kilichofuata, akafunua, kisha kingine. Ng'ambo ya mpaka, upepo ulikuwa ukiinua vumbi jekundu shambani kwake, na yeye akaendelea kufunua na kufunika polepole, kama mtu anayechungulia watoto waliolala.