Nyumba Iliyoitikia Hodi

Askari walipokwisha kuwafukuza waasi kijijini Nambunga, kila mjane alijengewa nyumba ya bati jipya na bomba la maji ndani. Sharti lilikuwa moja tu: hodi iitikiwe na nyumba yenyewe, kwa sauti ya mwenye nyumba, na mgeni asiyejulikana afungiwe ndani mpaka askari wafike.

Tangu hapo Bi Somoe hakutembelewa na mtu. Hata Atija, jirani yake, alimsalimia akiwa nje ya ua.

"Shoga, nyumba yako ina umbeya kuliko wifi yangu!" alitania, kisha akaenda zake.

Jioni moja, Bi Somoe akisonga ugali, alisikia sauti ya Chande, mwanawe aliyechukuliwa na waasi.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba, pita ndani," nyumba iliitikia kwa sauti ya Bi Somoe, na mlango ukafunguka.

"Ondoka!" Bi Somoe akapiga ukelele. "Huna mama hapa!"

Nyayo zilisita kizingitini, kisha zikakimbilia msituni.

"Mbona umemfukuza mgeni?" nyumba iliuliza kwa upole.

Bi Somoe alitamani kulia, lakini alijizuia, asije akaifundisha nyumba hata kilio chake.