Madoa kwenye Kanzu ya Baba

"Mtoto huyo ni mimi," alisema Mwanaidi, akiipangusa picha kwa ncha ya kanga kama alivyofanya miaka yote. "Wewe baba hakukuona. Alisafiri ukiwa tumboni, akafia huko huko."

"Dada, usifute! Hayo si madoa!" Riziki alimpokonya picha. Pichani baba yao alisimama chini ya mti, kichanga mikononi, kanzu imejaa alama nyeupe zilizopinda kama mwezi mwandamo. "Mwanga wa jua ukipenya kwenye majani huwa wa duara. Jua likipatwa, hupinda hivi."

"Haya, mwalimu wa sayansi ameanza."

Riziki alifungua kitabu cha tarehe za kupatwa kwa jua. Katika miaka arobaini iliyopita, jua lilipatwa mjini kwao mara moja tu.

"Siku hii ulikuwa na umri gani?"

Mwanaidi alisoma, akahesabu, akasoma tena. "Miaka minne."

"Na mimi?"

"Siku tisa." Alimtazama upya mtoto wa pichani. "Basi huyu ni wewe. Baba alirudi."

Riziki alipiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani. Mwanaidi aliinua ncha ya kanga, kwa mazoea, ikasita juu ya kanzu ya baba.