Chai ya Tunu

Mtaani kwa Tunu, kama kila mahali, sheria ilitaka kumbukumbu za kila mtu ziwekewe nakala. Mtu akilala, siku yake nzima hutoka kichwani kupitia mto wa kulalia, hupita mtandaoni hadi kwenye seva ya Linux, mtambo wa kompyuta wa kuhifadhi, na seva huinakili kwenye kanda. Kichwa kikiharibiwa na maradhi, kumbukumbu hurudishwa kutoka kwenye kanda hiyo mtu akiwa usingizini. Tunu alikuwa fundi wa mitambo hiyo, na mtambo wa nyumbani kwake aliufunga sebuleni, ubavuni mwa friji. Nywila ya kuufungua alimpa mumewe, Shomari, peke yake.

"Nikiugua," alimwambia, "wewe ndiye wa kunirudisha."

Asubuhi moja Shomari alimletea chai kitandani. Tunu akaionja, akakunja uso.

"Mbona haina sukari?"

"Si uliacha mwenyewe, tangu Ramadhani..."

Kwa Tunu, Ramadhani ilikuwa bado haijafika.

Akaenda sebuleni, akaugusa mtambo. Ulikuwa bado una joto, na ndani yake mlikuwa na kanda ya zamani yenye jina lake. Shomari alimfuata na kikombe.

"Niliugua?"

"Hapana."

"Basi nilijua nini, Shomari, mpaka ukanifuta kwa nywila niliyokupa mimi?"

Shomari alichukua kopo la sukari juu ya friji, akatia vijiko viwili, akakoroga taratibu, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa, mke wangu, kisha ulale tena kidogo," alisema kwa upole. "Kesho sitasahau sukari."