Ua la Mwanasha

Jumamosi alasiri, wapenzi wa kukata nakshi za mbao walikutana uani kwa Bi Zamda. Shekue alikuja na ubao ambao juu yake mkewe, Mwanasha, alichora ua la asumini, akafariki kabla hawajalikata.

“Nikilikata, mchoro wake utapotea,” alisema.

“Pitisha msumeno nje kidogo ya mstari, kaka,” Bi Zamda alimwambia. “Usiusukume ubao. Ugeuze taratibu.”

Shekue akakata, akikumbuka jinsi Mwanasha alivyouma penseli kila alipofikiri. Ua likatoka zima, na mistari yake yote ikabaki ukingoni.

Mwenzake mmoja akampa msasa, afute alama za penseli kama walivyozoea. Shekue akalifunika ua kwa kiganja.