Bafu la Shemeji

Shemeji alikuwa anaoga katikati ya sebule, kavaa suruali na fulana, watu wamemzunguka, na hakuna aliyeshangaa.

Fundi alikuwa amechora bafu zima kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake wa kweli. Choo hapa, sinki pale, na kwenye kona sehemu ya kuogea ya kuingia moja kwa moja, bila kizingiti wala pazia. Karatasi alikuwa haziamini. Kwake yeye mteja sharti aingie, ajigeuze, ajisugue. Kiwiko kikipita mstari, wanafuta na kuchora upya.

Kiwiko cha Shemeji kikapita mstari.

"Hapo umemsugua jirani," fundi akasema, akainama na tambara.

Huyu Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wa Mama Pacha. Bomba la kwake lilipopasuka, alikuja na taulo shingoni, anaoga tu anaondoka. Mama Pacha akamwambia kama tunavyoambiana sote: "Karibu shemeji, hapa ni kwako."

Mwenzetu akaamini. Taulo likafuatwa na begi, begi likafuatwa na redio. Kila asubuhi anajifungia bafuni na redio yake, anaimba, na nyumba nzima iko mlangoni imebana miguu. Mama Pacha alishafika kazini na povu sikioni, na bosi kamwambia akichelewa tena asijisumbue kuingia. Amfukuze? Kaka mkubwa wa mume? Ndugu wangemsema mpaka ndimi ziote sugu.

Kwa hiyo jirani yake, aliyekuja kuomba chumvi akakaa kutazama sinema ya bure, hakuamini masikio yake.

"Sinki mlilete huku," Shemeji aliagiza.

"Lako hilo, shemeji. Sema tu," Mama Pacha akajibu.

"Na mlango ufungukie nje, usinile nafasi."

"Fundi, umesikia?"

"Na kibaraza cha kukalia, pale chini ya maji. Mimi huoga huku natafakari."

"Tunajua," mumewe Mama Pacha akaguna. Mkewe akamkanyaga kidole.

Fundi akakuna kichwa. Chumba chenyewe kiganja. Akasukuma choo hadi ukutani, akachagua sinki la kona, akachora mshale kuonyesha sakafu itakavyoteremkia kwenye tundu, maji yasikimbilie mlangoni. Kibaraza kikapata pa kukaa.

"Ila dirisha na bomba kubwa sivigusi," alisema. "Vibaki vilipo."

Shemeji akatazama huku na huku. "Ajabu. Nafasi hii kama mwili wangu unaijua."

"Si umezoea kuoga, shemeji," Mama Pacha akamwambia.

Jirani akamvuta Mama Pacha jikoni. "Wewe una akili kweli? Badala ya kumtoa, unamjengea? Huyo sasa hatoki mpaka tumbebe!"

"Acha alipende, mwenzangu. Alipende mpaka asitamani kuoga kwingine."

"Basi umekwisha," jirani akasema, na chumvi akaisahau.

Waliporudi, Shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya mistari, miguu kainyoosha, macho kafumba, maji ya kufikirika yanamtiririkia utosini. Akasimama, akazunguka mzima, mikono kaitanua kiasi. Hakugusa kitu.

"Hili ndilo bafu!" alitangaza. "Fundi, usiongeze hata kigae!"

"Umeridhika, shemeji?" Mama Pacha akauliza. "Useme hapa, wote wasikie. Isije kesho ikawa hiki hukitaki, kile hukitaki."

"Kuridhika? Humo nitaoga mpaka siku ya kuoshwa!"

Watu wakapiga makofi. Mumewe Mama Pacha alipiga kuliko wote, jirani akamtazama kwa huruma.

Fundi akakunja futi yake. "Basi kesho alfajiri naanza. Naomba funguo nikabidhiwe kabisa, mzee."

Shemeji akacheka. "Funguo za nini, na nyumba haikosi watu? Si utagonga tu hapa kwangu?"

"Sio hapa kwako, shemeji," Mama Pacha alisema kwa upole, huku anamkunjia taulo lake vizuri. "Kwako kwako."