Mninga wa Mzee

Damasi alipiga randa mlango wa kabati lililorudishwa na mteja. Badala ya maranda mekundu ya mninga, ukamwagika unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Karakana ya baba yao haikuwahi kuuza kitu kama hicho.

"Fulgensi, umefanya nini?"

"Kaka, watu wananunua sura," mdogo wake alijibu huku akipiga msasa. "Nani atapasua mlango achungulie ndani?"

"Umeanza lini?"

"Ulipolazwa."

Damasi aliweka randa chini. Alikuwa bado hospitalini baba yao alipofariki, na Fulgensi ndiye aliyechonga jeneza, kwa mninga ambao mzee alijiwekea miaka mingi.

"Na jeneza la baba?"

Msasa ukasimama. Fulgensi alibaki ameinamia meza, vumbi likimtulia mabegani.